Mwaka Kogwa Makunduchi: uvae nini, ubebe nini na usimame wapi

Kila ukikaribia mwezi wa saba simu yangu inaanza, kaka ile sherehe ya Makunduchi lini, eti ni kweli wanaume wanavaa madera wanachapana na migomba, mgeni anaingia au anaangalia tu, nije na nini. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa voisi ndo maana leo naandika kila kitu ninachokijua. Mie sio mtu wa Makunduchi, kijiji cha kusini Unguja, mie wa Temeke, ila nimeenda mara nne kwa mshkaji wangu niliyesoma nae chuo, kwao ni huko huko, na mara ya kwanza nilienda kama zuzu, tisheti nyepesi na pensi, nikarudi Dar mgongo una mistari kama pundamilia. Kwa hio mengine humu nimejifunza kwa ngozi yangu mwenyewe.

Tuanze na tarehe maana hapo ndo watu wengi wanapopotea. Usifungue kalenda ya ukutani ukatafuta Mwaka Kogwa kama unavotafuta Nanenane, hutaipata. Huu ni mwaka mpya wa hesabu ya zamani ya Waswahili, wenyewe wanaita Nairuzi, mwaka wa Washirazi, watu wanaosema asili yao ni Shiraz, na jina limetoka huko Uajemi, yani Iran, kwenye Nauruzi yao. Siku zinahesabiwa kwa miongo, mwongo mmoja siku kumi, miongo iko 36, jumla 360, afu zinaongezwa tano za mwisho unapata 365 basi. Haina Februari ya siku 29. Sasa piga hesabu mwenyewe, kila miaka minne kalenda yetu ya kawaida inaongeza siku moja na hii ya wazee haiongezi, kwa hio Siku ya Mwaka inarudi nyuma taratibu, siku moja kila miaka minne. Wairani wao walishairekebisha ya kwao ikae Machi, ya huku haikurekebishwa na ndo mana inaangukia Julai, na miaka mia moja nyuma ilikua inaangukia Agosti. Sa hivi tarajia katikati ya Julai, ila usikate tiketi ya boti wala kuomba likizo mpaka umempigia mtu wa kule kule akuthibitishie. Jamaa zangu wawili waliwahi kuchukua tarehe waliyoikuta kwenye ukurasa wa mwaka mwingine, wakafika Makunduchi siku ya tatu wakakuta majivu na watoto wanacheza mpira.

Na jina lenyewe, kogwa ni koga, kuoga, watu wa Unguja wengi wanasema koga mpaka leo. Mwaka unaoshwa. Asubuhi ya mapema kabisa watu wanateremka pwani kukoga, wanauacha uchafu wa mwaka uliopita baharini, afu mchana ndo mapigano na moto. Ukilielewa hilo la kuoga mengine yote yanaingia akilini, hata hizi nguo za ajabu ajabu ntakazozieleza.

Ratiba kwa ufupi ili ujue unajiandaa na nini. Uwanja unaitwa Kae Kuu. Watu wa kijiji wanagawanyika pande mbili, kusini na kaskazini, wanaume wanapigana kwa mashina ya majani ya mgomba, lile gongo la kati lililokatwa majani pembeni. Kilichokua rohoni mwaka mzima, fulani kanidhulumu shamba, fulani kanisema vibaya, kinamalizikia pale, mkishachapana mmemaliza, hakuna kesi. Baadae kuna kibanda cha makuti, mzee anaingia ndani, kinatiwa moto, anachoropoka upande wa pili mzima mzima, watu wanashangilia, na wazee wanaangalia moshi unaelekea wapi ndo wanajua mwaka utakuaje. Wanawake muda wote huo wanaimba, na nyimbo zao sio za kubembelezea watoto, ntaeleza. Afu chakula, ngoma, taarabu, pwani mpaka usiku, inaendelea hivo kama siku nne.

Haya sasa nguo.

Kanuni moja tu ukiishika umemaliza nusu ya kazi, unahitaji nguo seti mbili za siku moja, ya vita na ya fahari. Wageni wengi wanakuja na seti moja ya kati na kati, si ya kupigania si ya kupendezea, wanaishia wamesimama nyuma ya gari la soda wanapiga picha kwa mbali. Pakia zote mbili na uziweke kwenye mifuko tofauti.

Ya vita. Kitu cha kwanza nenda mtumbani, Karume ukiwa Dar, Darajani ukiwa Unguja, tafuta koti la baridi, yale mazito ya Ulaya ambayo huku hayana mteja mana nani avae koti la theluji Tandika. Ndo yanauzwa bei ya kutupa. Hilo koti ndo bulletiprufu yako. Na usiogope joto sana, Julai ni kipupwe, kusi inavuma, asubuhi Makunduchi kuna upepo mpaka unajikunyata, saa sita utatokwa jasho ndio lakini bora jasho kuliko alama. Ukikosa koti vaa tisheti tatu nne moja juu ya nyingine, au chukua gunia lioshe kwanza, likate tundu la kichwa na mikono, livae katikati ya shati na tisheti ili lisikuwashe. Nimewahi kumuona jamaa kajifunga kipande cha godoro mgongoni kwa kamba ya katani, watu wanamcheka, ila yeye ndo alikua wa mwisho kutoka uwanjani.

Kichwa, helmeti ya bodaboda. Sio mapambo, vaa. Yenye kioo ndo nzuri zaidi sababu ya macho, lile shina la mgomba ni laini, halivunji mfupa, lakini likipasuka ncha yake inakua na nyuzi nyuzi na ikikupata jichoni sio mchezo. Ukivaa miwani ya macho ivue mwachie mtu. Kama huna helmeti jifunge kilemba kinene cha kanga kuukuu mbili, zungusha mpaka masikioni, masikio yanauma kuliko sehemu yoyote ya mwili wa binadamu hilo nakuapia.

Chini vaa suruali ndefu ya jinzi na raba za kufunga kamba. Kandambili usithubutu. Mara yangu ya kwanza nilivaa ndara, ya kushoto ilikatika dakika ya kwanza, nikawa napigana na huku naitafuta, nani atakusubiri utafute ndara. Mikono, glovu zozote za kazi, hata soksi nzito ukivaa mikononi zinasaidia kwenye vidole.

Mifukoni usiache kitu. Simu mwachie mwenyeji nyumbani, funguo pia, pesa pia, saa na cheni vua. Kila mwaka kuna mtu anazunguka uwanjani jioni anainama inama anatafuta simu kwenye mchanga.

Sasa tuje kwenye ile ambayo ndo mnayoniulizia kwa kucheka, kuvaa kike. Ni kweli. Sio wote, wengi wanakuja na makoti na mahelmeti, ila utakuta kundi zima la vijana wamevaa madera, wengine gauni za harusi za mitumba, mtu kajaza matambara kifuani, kapaka lipstiki, kavaa wigi limegeuzwa kisogoni, na mwengine kajipaka masizi ya sufuria uso mzima mpaka mama yake hamjui. Mie wa bara nilishtuka kwanza, Makunduchi kule wazee wana staha zao, nikamuuliza mshkaji inakuaje, akanambia siku ya leo hakuna anaeulizwa kavaa nini, mwaka unaoshwa, uchafu wote na upuuzi wote unatolewa leo ukafe leo. Mie kwa macho yangu naona kuna na sababu nyingine ya kimya kimya, ukijigeuza hivo ukamchapa mtu mzima kidogo kuliko wewe hata haya unapunguza, sio wewe uliyempiga, ni yule bi kizee mwenye lipstiki. Hio ni tafsiri yangu tu msije mkanukuu.

Ukitaka kuvaa hivo zingatia mambo machache. Dera chukua pana, sio la mtindo wa kubana, mana utahitaji kukimbia, na livae JUU ya koti na jinzi, sio peke yake. Watu wanasahau hapa. Dera peke yake ni kitambaa chepesi, kila fimbo inaingia moja kwa moja. Pindo lipandishe ulifunge kiunoni kwa mkanda au kipande cha kanga lisije likakutega, nimeona mtu kaanguka kwa kujikanyaga dera lake mwenyewe na adui yake akawa anacheka mpaka kashindwa kumpiga. Wigi lipitishie kamba chini ya kidevu. Na usivae buibui wala mtandio wa kuswalia kwa kufanya mzaha, wala kanzu na kofia ukajifanya sheikh, kuna mpaka hapo, ile ni jamii ya Kiislamu na wapo masheikh ambao hata sherehe yenyewe hawaipendi wanaona ni mambo ya kabla ya Uislamu, kwa hio usiwape sababu.

La muhimu kuliko yote kwenye nguo ya vita, utomvu. Mgomba una utomvu, unatoka kama maji hauna rangi, unaona mbona safi tu, ukikauka unageuka kahawia kama kutu na HAUTOKI. Sio kwa sabuni ya unga, sio kwa jiki, sio kwa ndimu na chumvi, wamejaribu wote. Kwa hio chochote utakachovaa pale uwanjani kihesabu kimekufa, usiazime nguo ya mtu. Mie niliazima. Mara ya pili nilipokwenda shemeji, mke wa mshkaji, alinipa dera lake nikavae akidhani ntaishia kupiga picha tu nyumbani, lilikua la zambarau zuri, nikaenda nalo vitani, jioni lina madoa kama chui. Nilimnunulia jipya ila yale macho aliyoniangalia nayo siku ile sijayasahau.

Silaha yenyewe usihangaike kutoka nayo mjini, utapewa kule, vijana wanakata migomba asubuhi inarundikwa. Chagua lisilo refu sana, urefu wa mkono wako na kidogo, refu likigonga mara moja linakatika katikati unabaki na kisiki. Bichi lenye maji ni zito linauma zaidi lakini linakuchosha mkono. Usipige uso. Mtu akianguka mwache ainuke, akitupa shina lake chini mwache pia. Na usiende kumtafuta mtu usiyemjua ukamchapa kwa hasira, mgeni kaa karibu na mwenyeji wako, ingia upande wake, jichapeni na wanaokufahamu, utacheka sana. Ukichoka toka pembeni kaa na watoto. Hakuna aliyekulazimisha kuingia, unaweza ukaangalia mwanzo mwisho na hakuna atakaekuona mwoga.

Ukiwa ni wa kuangalia, usisimame upande upepo unakoelekea wakati kibanda kinachomwa. Makuti makavu yakishika moto ni mara moja, yanalipuka na vipande vinaruka angani vina moto. Angalia miti inayumbia wapi afu simama upande wa pili. Na nguo za nailoni siku hio acha, cheche moja tu tundu.

Haya dada zangu, nyie ndo mna kazi kubwa kuliko sisi, na kusema kweli kwenye mavazi wanawake ndo wenye Mwaka Kogwa, sisi ni vituko tu. Haya yafuatayo nimeyachukua kwa shemeji, nilimpigia simu nikamwambia nitajie moja moja.

Kanga mpya. Sio kanga safi, mpya, doti nzima haijakatwa maji. Kwenye familia nyingi wanavaa sare, wanawake wa ukoo mmoja wote kanga moja, kwa hio kama una mwenyeji muulize wiki mbili kabla, mmechagua kanga gani, mtumie pesa akununulie na wewe, utakua umeingia kwenye ukoo kabla hata hujafika. Kama huna mwenyeji chagua mwenyewe lakini SOMA JINA. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na uwanjani pale watu wote wanajua kusoma. Shemeji anasema kuna mgeni alikuja nyumbani kwa watu amejifunga "Hasidi hana sababu", kanunua kwa sababu ya rangi tu maskini, mawifi wawili waliokua hawaelewani wakaanza kuangaliana nani kamwambia huyu. Nunua kitu kama "Mgeni njoo mwenyeji apone", hakuna atakaechukia hapo. Ukishindwa kabisa kanga, dera zuri na mtandio inatosha.

Hina na piko ianze siku mbili kabla mana hina ya jana rangi yake haijakolea. Nguo zifukizwe udi usiku, unazitandaza juu ya tenga, chetezo chini, asubuhi ukipita watu wanageuka. Kikuba cha asmini pachika kifuani au kwenye nywele kama unaenda sehemu ya wanawake watupu. Dhahabu ya kweli shemeji anasema acha nyumbani kwenye msongamano ule, vaa ya bandia, nani atakuja kuiuma.

Zile nyimbo sasa. Wanawake wanazunguka uwanja wanaimba, na maneno mengine ni ya mapenzi na mengine ni makavu, yanachimba, yanawasema wanaume, wanasemana wenyewe kwa wenyewe, wanarusha mafumbo ya mwaka mzima. Siku ya kawaida mama mtu mzima yule yule huwezi kumsikia akitamka hata nusu ya neno lile. Ukiwa mgeni cheka, piga makofi, itikia ukiweza, usiulize maana mbele za watu, na usimrekodi mtu uso wake akiwa anaimba hayo afu ukaenda kuyarusha mtandaoni. Ya uwanjani yanaishia uwanjani. Hapa nimekua mkali kidogo lakini nimeshuhudia mtoto wa mjini mmoja alivomrekodi bibi wa watu, ikasambaa, na wajukuu hawakufurahi.

Wageni wa nje, na wa bara pia msijifanye hamumo, nje ya uwanja wa vita ni kijiji cha Unguja kusini, mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, wanaume kutembea kifua wazi mtaani hapana. Hata kwenda kukoga alfajiri, wanawake wanaingia na kanga zao mwilini, bikini kaivae huko mahotelini. Na kabla hujaenda kukoga uliza maji, yapo au yametoka. Pwani ile maji yakipwa yanaondoka kweli kweli mpaka mwambani, utatembea juu ya mawe na majani bahari na miiba ya vitunguu bahari unaitafuta bahari, kwa hio viatu vya plastiki vibebe.

Usafiri. Kutoka Dar boti ni mwendo wa kama masaa mawili, kitambulisho usisahau. Kutoka Mjini Unguja mpaka Makunduchi dala dala namba 310, unapita Tunguu, unapita msitu wa Jozani wale kima punju wako barabarani wanavuka na dereva anapunguza, Kitogani hapo njia inagawika, moja inaenda Paje na nyingine inashuka Makunduchi. Ni mwisho kabisa wa kisiwa. Siku yenyewe gari zinajaa toka asubuhi, watu wa Makunduchi wanaoishi Mjini, Dar, hata Maskati wote wanarudi kwao, na viongozi wanakuja kwa hio kuna misafara na hotuba za mgeni rasmi. Nenda siku moja kabla. Mwaka mmoja mie nilikodi gari siku ile ile, dereva kanitajia bei bandarini, tulipofika Kitogani akaongeza, sitaki hata kukumbuka. Kulala ukikosa kwa watu kuna nyumba za wageni Jambiani na Kizimkazi, sio mbali.

Lakini jitahidi upate kulala kwa watu, na hili sio gumu kama unavofikiri, mana siku hio nyumba isiyopata mgeni inaonekana haina heri, mwaka unaanza vibaya. Kwa hio ukipita mlango ukaitwa karibu kula, sio maneno ya mdomoni kama tunavosema Dar karibu huku tunafunika sufuria, wanataka kweli uingie. Ingia. Piga hodi, toa salamu, asalaam aleikum, bi mkubwa umwamkie shikamoo, vua viatu, nawa, kaa kwenye mkeka, kula kwa mkono wa kulia upande wa sinia ulioko mbele yako. Mie siku ya kwanza nilikula kwenye nyumba tano kwa sababu sikujua kukataa, ya tano nilikua napumua kwa shida na bi mkubwa ananiongezea samaki anasema mwanangu mbona huli. Ujanja niliofunzwa ni kula matonge mawili matatu kila nyumba, unasifia, unaomba dua, unaaga. Usiende mikono mitupu pia kwa yule anaekulaza, kilo za sukari, mchele, unga wa ngano, vitu vya jikoni, sio maua na makadi.

Usifike pale ukajifanya unawafundisha historia yao, eti hii ni ya Wairani, eti ni ya kipagani. Watu wa kusini Unguja, Wahadimu, wamejiita Washirazi kwa karne, jina limeingia mpaka kwenye chama, Afro-Shirazi cha mwaka 1957, na nani hasa alitoka Shiraz na nani hakutoka wenyewe wanabishana vizuri tu hawahitaji msaada wako. Wala sio wao pekee wenye Siku ya Mwaka, Pemba ipo, Mombasa wazee walikua wanazungusha ng'ombe mjini kabla ya kumchinja, ila ukitaka mapigano na moto na hizo gauni za harusi za mtumba, ni Makunduchi.

Ukibaki na siku ya ziada nenda Kizimkazi Dimbani kauone msikiti wa zamani, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria ukutani, yani 1107, vaa vizuri na uombe ruhusa ya kuingia. Dakika chache tu kwa pikipiki kutoka Makunduchi. Pomboo wapo pia Kizimkazi lakini sipendi vile maboti yanavowakimbiza kwa hio sitakuelekeza.

Mkoba wako kwa kumalizia uwe na mafuta ya kuchulia, mgongo utakuuma siku ya pili sio ya kwanza, na kopo la maji, na nguo ya fahari iliyofukizwa imefungwa kwenye mfuko wake peke yake isigusane na ile yenye utomvu. Ukitoka vitani usiende kula na nguo ya vita, koga kwanza, badilisha, ndo uende kwa watu. Koti lenye madoa waachie vijana wa pale, mwakani watalivaa.

Dera la zambarau la shemeji halikutupwa. Mwaka jana nilipofika nimebeba koti langu jipya la mtumba kwa mbwembwe, akaenda nyuma ya banda la kuku akarudi nalo limekunjwa, akanambia koti lipeleke kwa mwenzio, wewe vazi lako hili hapa.